Muuaji Akipiga Hodi

Leo tuzungumze habari ya watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, waliogombana kwa kalamu kuhusu swali ambalo ukiliuliza kijiweni hutakosa wa kukucheka: je, muuaji akija mlangoni kwako kumtafuta rafiki yako uliyemficha, unaruhusiwa kumdanganya?

Mwaka ni 1797. Kijana ni Benjamin Constant, mzaliwa wa Lausanne huko Uswisi, mwandishi wa mambo ya siasa nchini Ufaransa. Ufaransa wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye hofu kuu ya 1793 na 1794, watu walipokuwa wakisakwa majumbani na kupelekwa kukatwa vichwa hadharani. Kwa hiyo Constant alipotoa mfano wa mtu aliyejificha kwa rafiki yake, wasomaji wake hawakuhitaji kufumba macho ili wauone. Alisema yuko mwanafalsafa wa Kijerumani anayedai kwamba uongo ni kosa siku zote, hata kwa muuaji anayekuuliza kama mtu anayemfukuza kaingia humu ndani. Falsafa hiyo, akasema, ikishikwa hivyo ilivyo, watu hawataweza kuishi pamoja. Kusema kweli ni wajibu, ndiyo, lakini ni wajibu kwa mtu mwenye haki ya kuambiwa kweli, na muuaji hana haki hiyo.

Mzee ni Immanuel Kant, miaka 73, anakaa Königsberg, mji wa Prusia ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Kant akasoma, akajitambua. Na hapa pana kichekesho, maana aliandika kwamba anakiri kuwa aliwahi kusema hivyo mahali fulani, ila kwa sasa hakumbuki ni wapi. Mwingine angetumia upenyo huo kuchomoka. Yeye akakaza uzi. Mwaka huohuo alitoa makala fupi kuhusu hiyo inayodaiwa kuwa haki ya kusema uongo kwa ajili ya kuwapenda watu, na jibu lake likawa: hapana, hata hapo mlangoni hakuna ruhusa.

Sababu zake ni za namna mbili. Kwanza, anasema, hujui kitakachotokea. Unaweza kumwambia muuaji kwamba rafiki yako hayumo, kumbe rafiki alishachomoka kwa dirisha la nyuma. Muuaji akigeuka akakutana naye barabarani na kumuua, una lawama, kwa kuwa uongo wako ndio uliompeleka huko. Na ungesema kweli, huenda wakati anapekua vyumba majirani wangekuja mbio wakamkamata. Pili, na hii ndiyo anayoiegemea hasa, anayesema uongo hamkosei huyo muuaji peke yake. Anatoboa kitu ambacho watu wote wanakitegemea: kwamba neno la mtu ni neno, kwamba mikataba ina maana, kwamba ushahidi mbele ya hakimu unaweza kuaminiwa.

Hoja ya kwanza ni dhaifu mno, na nashangaa mtu mwenye akili kama ile alivyoitoa. Kama hatujui kitakachotokea, basi hatujui pande zote mbili. Huwezi kumhukumu aliyedanganya kwa bahati mbaya huku ukimwachia aliyesema kweli bahati nzuri ya majirani wanaokuja mbio. Hoja ya pili ndiyo yenye uzito, na kuielewa inabidi turudi nyuma kidogo.

Kant alizaliwa 1724. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu na lijamu za farasi, mama yake mcha Mungu wa madhehebu ya Kilutheri yaliyosisitiza sana usafi wa moyo. Mwaka 1785 alitoa kitabu kidogo kuhusu msingi wa maadili, na ndani yake mna kanuni anayoiita amri isiyo na masharti. Amri nyingi zina masharti: ukitaka kufaulu, soma, ukitaka wateja, punguza bei. Amri ya maadili haina “ukitaka”. Na kipimo chake ni hiki: kabla hujatenda, itazame ile kanuni unayoifuata moyoni, kisha ujiulize kama ungekubali iwe sheria ya kila mtu.

Mfano wake mmoja ni wa mkopo, na hapa kwetu haumhitaji Mjerumani kuueleza. Mtu ana shida, anakopa, anaahidi kurudisha mwisho wa mwezi, na huku anajua kabisa kwamba mwisho wa mwezi hana wala hatakuwa nacho. Kanuni yake ni: nikiwa na shida nitatoa ahadi ya uongo nipate fedha. Haya, ifanye iwe sheria ya wote. Kila mwenye shida anaahidi uongo, na kila mkopeshaji anajua. Nani atakopesha? Ahadi yenyewe itakuwa imekufa, na mdanganyifu atakosa hata chombo cha kudanganyia. Angalia alichofanya huyu mkopaji: anataka watu wote waendelee kuheshimu ahadi, ila yeye mmoja apite pembeni. Kant anasema hapo ndipo uovu ulipo, katika kujitoa wewe mwenyewe kwenye sheria ambayo unataka wenzako waishike.

Mfano mwingine ni wa muuza duka. Mwenye duka mtaani anampimia mtoto unga sawasawa na anavyompimia mtu mzima, wala hampunji mgeni asiyejua bei. Vizuri. Lakini kwa nini? Kama anaogopa Wakala wa Vipimo, au anajua mama wa mtoto akigundua atahamia duka la jirani, basi ametenda jambo sahihi lakini halina thamani ya kimaadili tunayoizungumzia. Thamani ipo pale anapopima sawasawa kwa sababu ndivyo inavyopasa, hata kama mtoto ni kiziwi, mizani haina wa kuikagua na duka la pili liko maili nane.

Najua kuna msikilizaji anasema moyoni: hayo tunayajua, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Karibu na hapo, lakini Kant mwenyewe alikataa kuwekwa kwenye kapu hilo. Katika tanbihi ya kitabu hichohicho anasema kwamba ule usemi wa kutomtendea mwenzako usilotaka kutendewa hautoshi. Mwizi aliyesimama kizimbani angeweza kumwambia hakimu: mheshimiwa, wewe ungependa kufungwa? Hupendi. Basi usinifunge. Tajiri asiyehitaji msaada wa mtu angesema: simwombi mtu, nisiombwe. Kipimo cha Kant hakiulizi unapenda nini. Kinauliza sheria gani inaweza kusimama kwa wote, pamoja na wale wasioipenda.

Kuna sura ya pili ya kanuni hiyo, ambayo mimi naiona bora kuliko ya kwanza. Usimtumie binadamu, awe mwingine au wewe mwenyewe, kama chombo tu. Neno “tu” ndilo linalobeba mzigo. Kondakta wa daladala namtumia ili nifike mjini, naye ananitumia ili apate nauli. Hapo hakuna kosa, kwa kuwa kila mmoja kakubali na anajua anachofanya. Kosa linaanza ninapomfanya aingie katika mpango ambao asingeukubali kama angeujua. Mdanganywa yuko hivyo daima: anatembea kwenye njia aliyochorewa na mwingine.

Kwa haki, lazima niseme jambo lingine kuhusu mzee huyu. Yeye aliyeandika hayo kuhusu utu ndiye aliyeandika mwaka 1764, akimzungumzia mtu mmoja, kwamba weusi wake tangu utosini hadi unyayoni ni ushahidi tosha kuwa alichosema ni upumbavu. Yapo na mengine ya namna hiyo katika maandishi yake kuhusu rangi za watu. Mwanafalsafa wa Nigeria, Emmanuel Chukwudi Eze, ni mmoja wa waliotulazimisha kuyasoma bila kuyaruka. Mwaka 1795 Kant huyohuyo aliwalaani Wazungu waliozifanya nchi za wenzao kana kwamba hazina wenyewe, na akautaja utumwa wa visiwa vya miwa kuwa wa kikatili kuliko wote. Sijui kama alibadilika au alikuwa na vyumba viwili kichwani. Ninachokijua ni kwamba kipimo chake kinamkamata yeye mwenyewe wa kwanza: aliandika sheria ya watu wote, kisha akawatoa baadhi ya watu.

Sasa turudi mlangoni. Darasani muuaji ni mfano. Kwa jirani zetu wa Rwanda, Aprili hadi Julai 1994, alikuwa mtu mwenye jina, mara nyingi jirani, na alikuja na panga. Na aliongozwa na redio, chombo kama hiki ninachozungumzia jioni hii. Waliohusika na redio ile walihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, Desemba 2003. Hilo kila anayekaa mbele ya kipaza sauti analijua, au anapaswa kulijua.

Katika wilaya ya Ruhango alikuwepo bibi mmoja, Zura Karuhimbi, mganga wa mitishamba. Nyumbani kwake aliwaficha watu wanaotajwa kuwa zaidi ya 100, wengine chini ya kitanda, wengine kwenye shimo shambani. Wauaji walipokuja hakuwa na bunduki wala mwanamume wa kumlinda. Alikuwa na sifa ya uchawi, sifa ambayo hakuistahili, akaitumia. Alijipaka majani yanayowasha, akawagusa. Ngozi zikawaka moto. Alitikisa bangili na kila kinacholia, akawaambia mizimu iliyomo humu ndani itawaangamiza wakivuka kizingiti. Wakarudi nyuma. Mwaka 2006 alipewa nishani ya kupinga mauaji ya kimbari. Alifariki Desemba 2018, na mara kwa mara alikuwa ameeleza kwamba uchawi hakuwa nao hata kidogo.

Mpeleke Bibi Zura mbele ya Kant wa 1797. Atamwambia: umekosa. Mimi siwezi kukaa upande huo wa meza, na sidhani kama kuna msikilizaji anayeweza. Lakini kusema “Kant kakosea” ni rahisi. Kazi ni kuonyesha kakosea wapi, bila kuitupa kanuni nzima na kumfungulia mlango yule mkopaji wetu wa mwisho wa mwezi.

Mwanafalsafa wa Marekani, Christine Korsgaard, alijaribu mwaka 1986. Alisema muuaji anapokuja mlangoni kwa kawaida anaficha nia yake, anajifanya mgeni mwema. Kwa kuwa yeye keshaanza udanganyifu, kanuni ya “mdanganye anayekudanganya” inaweza kuwa ya wote bila kubomoka. Hoja ni ya werevu. Lakini Rwanda inaipita. Wale hawakuficha nia. Walikuja wakiimba. Tena walijua vizuri kwamba mwenye nyumba atakana, ndiyo maana walipekua. Maneno matupu ya Bibi Zura yasingewazuia. Ilibidi ayape meno, yale majani. Hivyo hatuwezi kumtetea kwa kusema kwamba wao ndio walioanza uongo. Hawakuanza uongo. Walianza mauaji.

Mambo haya yalikuwa yamejadiliwa zamani, tena mengine katika bara letu. Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa mkali kuhusu uongo karibu kama Kant, miaka 1,400 kabla yake. Yeye anasimulia habari ya Firmus, askofu wa mji huohuo wa Thagaste, aliyemficha mtu aliyetafutwa na watu wa mfalme. Walipomuuliza alijibu kwamba hatasema uongo wala hatamtoa mtu. Wakamtesa, akabaki palepale. Akapelekwa mbele ya mfalme, naye mfalme akastaajabu kiasi cha kumsamehe yule aliyefichwa. Namheshimu sana Firmus. Njia yake inathibitisha kwamba mlangoni hakuna milango miwili tu, uongo na usaliti. Upo wa tatu, wa kufunga mdomo na kulipa gharama kwa mwili wako. Lakini mlango huo unafaa pale anayekutesa ana mkubwa wake anayeweza kuguswa. Mbele ya kundi lenye mapanga, askofu anauawa kwanza, kisha wanaingia chumbani.

Upande wa Uislamu jibu lilitoka wazi zaidi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kueleza maovu ya ulimi anasema uongo ni haramu kwa asili yake, lakini kama kusema kweli kutaleta kumwagwa damu ya Mwislamu aliyejificha kwa dhalimu, basi uongo hapo ni wajibu. Sikiliza vizuri: hakusema unasamehewa. Alisema wajibu. Na palepale anahimiza kwamba ukiweza kulifikia lengo jema kwa kweli, uongo usiuguse. Na kama maneno ya kuzunguka yanatosha, yatumie hayo kwanza. Miaka karibu 700 kabla ya Königsberg, mlango wa dharura ulikuwa umeshatengenezwa, tena una kufuli.

Kwa maneno ya kuzunguka, Kant mwenyewe hakuwa mgeni. Mwaka 1794 mfalme wa Prusia, Friedrich Wilhelm wa Pili, alimkemea kwa maandishi yake juu ya dini. Kant akaandika barua kuahidi kwamba, kama raia mtiifu kabisa wa mtukufu mfalme, hatazungumza tena hadharani juu ya dini. Mfalme akafa 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapisha kitabu chenye mambo ya dini, na akaeleza bila haya kwamba alichagua maneno “raia wa mtukufu” kwa makusudi: ahadi ilikuwa kwa mfalme yule, na yule amekwisha kufa. Hakusema uongo hata neno moja. Ila mfalme aliyeipokea barua ile alielewa kitu kingine, na mwandishi alijua ataelewa kitu kingine. Ukiniuliza mimi, mzee aliyemkatalia Bibi Zura majani yake alikuwa na majani yake mwenyewe mfukoni.

Basi Constant ndiye aliyeshinda? Kuhusu mlango ule, ndiyo. Kuhusu kanuni, sina hakika, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Constant anasema kweli anaidai yule mwenye haki nayo. Nani anayeamua nani ana haki? Mwenye kusema. Mkurugenzi anaona wafanyakazi hawana haki ya kujua hali ya kampuni. Serikali inaona wananchi hawana haki ya kuujua mkataba. Mume anaona mke hana haki ya kujua mshahara. Kila mmoja ana Constant wake mdogo mfukoni, na kila mmoja, ukimbana, atakuletea yule muuaji mlangoni: kwani wewe usingedanganya ili kuokoa maisha? Ningedanganya. Lakini wewe huokoi maisha ya mtu, ndugu yangu. Uko kitandani Mbagala na simu sikioni, unamwambia fundi mwenzako uko Tazara kwenye foleni.

Kinachohitajika ni ua wa kuuzingira mlango wa Constant, na ua huo, ajabu, umo katika kitabu cha Kant mwenyewe, kile cha 1795 kuhusu amani ya kudumu. Anasema hapo kwamba tendo lolote linalogusa haki za wengine, ikiwa kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani, ni dhuluma. Alikuwa akizungumzia watawala. Mimi naona kipimo hicho kinafaa hata jikoni. Mkopaji wa uongo hawezi kuitangaza kanuni yake. Akiitangaza tu, hapati fedha. Mwenye mizani iliyochezewa hawezi. Bibi Zura aliweza. Chukua kanuni yake: nikimficha mtu asiye na hatia na akaja wa kumuua, nitasema chochote na kufanya chochote asimpate. Itundike sokoni, isomwe misikitini na makanisani. Nani ataipinga isipokuwa muuaji? Na yeye muuaji hata akiijua hapati haki mpya ya kulalamika. Mtu mkali atasema muuaji akishaijua hataamini neno. Sawa, hataamini, atapekua, kama walivyopekua. Lakini hakuna ahadi, soko wala mahakama itakayobomoka kwa sababu wauaji hawaaminiani na wanaowaficha watu. Ile hofu ya Kant, kwamba uongo wa mlangoni unatoboa neno la binadamu wote, haipo. Baada ya vita bibi alieleza alichofanya, kwa majirani na kwa waandishi wa habari, na jamii ikamvisha nishani. Mdanganyifu wa kawaida hangojei nishani. Anaomba Mungu asigundulike.

Kabla hatujasonga, nigusie upotoshaji mmoja wa neno wajibu unaosikika sana maofisini: mimi natekeleza tu agizo kutoka juu. Adolf Eichmann, aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, alidai kwamba maisha yake yote alifuata mafundisho ya Kant juu ya wajibu. Katika kesi yake Yerusalemu mwaka 1961 jaji alimuuliza, naye akaieleza ile kanuni karibu sawasawa, kisha akakiri kwamba tangu alipopewa kazi ile aliacha kuifuata. Hannah Arendt ameliandika hilo. Kwa Kant wajibu unautoa mwenyewe kwa akili yako. Hakuna mkubwa wa kukubebea. Upande wa pili yupo Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali. Amri ilikuwa wasiingilie. Yeye aliwapakia watu kwenye gari lake na kuwavusha vizuizini kwa utani, kwa sigara, kwa kufahamiana na kila mtu, na akawaokoa wengi mpaka alipouawa na kombora tarehe 31 Mei 1994. Leo Umoja huohuo una nishani ya ujasiri yenye jina lake.

Liko jambo la Kant linalonisumbua kuliko hata makala ile ya 1797. Mwaka 1791 alipata barua kutoka kwa mwanamke wa Klagenfurt, Austria, aitwaye Maria von Herbert. Alikuwa msomaji wake. Alimficha mpenzi wake habari ya penzi la zamani, kisha akamweleza, na mwenzake akapoa. Anamwomba Kant amfariji, la sivyo haoni sababu ya kuishi. Kant akamjibu vizuri, kwa utaratibu, kama mchungaji: uongo ni kosa, aibu unayoisikia ni ya haki, upendo wa kweli utarudi. Maria akaandika tena mwanzoni mwa 1793. Urafiki umerudi, anasema, lakini kila kitu hakina ladha; sheria ya maadili anaishika bila shida, na haimpi kitu. Hakujibiwa. Kant alizikusanya barua zake akazituma kwa binti wa rafiki yake mfanyabiashara, ziwe funzo la mahali akili inapoweza kupotelea. Maria alijiondolea uhai mwaka 1803. Siwezi kusema barua moja ingemwokoa. Lakini mtu aliyefundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu, alipokea kilio cha mtu akakigeuza kuwa kifaa cha kufundishia mwingine. Na kwa kipimo chake, kosa hilo ni zito kuliko uongo wa Maria.

Nimalizie na mlango ulio karibu nasi zaidi, ambapo hakuna muuaji. Mama kapimwa. Daktari anawaita watoto pembeni, anawaambia ni saratani. Kaka mkubwa anasema: daktari, mama asiambiwe, mwambie ni vidonda vya tumbo. Dada wanaitikia, na kuanzia hapo nyumba nzima, mpaka wajukuu, inaingia kwenye mchezo. Hawa si watu wabaya, wanampenda mama. Lakini hata kwa Constant hawana pa kutokea, maana kama kuna mtu mwenye haki na habari za mwili huu, ni mwenye mwili. Na kuna mambo ambayo mama angeyafanya kama angejua: lile shamba lenye utata, deni la kikoba, mdogo wake ambaye hawajasemezana tangu msiba wa babu, ibada zake. Wamempangia miezi yake ya mwisho bila yeye. Mwulize kila mmoja wa watoto wale: zamu yako ikifika, ungependa ufanyiwe hivi? Nadhani wengi watajibu haraka, mimi niambieni.

Wapo wazee wasiotaka kujua, na wanasema wenyewe: majibu wapeni watoto, mimi nipeni dawa. Huyo akinyamaziwa hadanganywi. Kanuni kaiweka yeye. Tatizo ni kwamba sisi hatuulizi, tunakisia. Na swali lenyewe, mama, majibu yakitoka ungependa uambiwe wewe au tuambiwe sisi, lina wakati wake, nao ni kabla ya vipimo, nyumbani au kwenye benchi la maabara. Likiulizwa baada ya daktari kutuita pembeni, mama atalisoma jibu kwenye nyuso zetu kabla hatujafungua mdomo.